Bomba Lililopita kwa Mama Jenerosa

Habari ya kifo cha Mama Jenerosa ilinikuta Kibondo nikiwa nimelala chali chini ya sinki la mwalimu mmoja, spana mkononi, maji machafu yakinidondokea shingoni. Aliyenipigia simu alikuwa dereva wa bodaboda wa Kasulu ambaye hata hakunijua. Alisema ameagizwa tu apige namba hii na aseme mama amefariki, mazishi ni kesho mchana. Nilimuuliza ameagizwa na nani, akasema, "Na binti wa marehemu." Nikamaliza kufunga ile koki, maana huwezi kuiacha nyumba ya watu inavuja eti kwa sababu umepata msiba, kisha nikanawa na kwenda kutafuta kanga za kuvaa. Nimeshapita miaka hamsini na nimezika watu wengi. Sikulia. Kilichonishangaza ni kwamba Jenerosa, huyo binti wake, alikuwa na namba yangu, wakati tulikuwa hatujasemezana tangu tukiwa wasichana.

Habari za wazazi wangu, na jinsi msichana wa kijiji cha Busunzu alivyoishia kushika sururu badala ya jembe, nitaziruka; zinachosha na kila familia ya huku ina zake zinazofanana nazo. Nataka kusema habari za mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, tulipohamisha bomba la maji la gesti ya Mzee Shabani pale Kasulu. Nimelaza mabomba mengi tangu wakati huo, mengine marefu kuliko lile mara kumi, lakini nikiulizwa ni lipi lililonifanya niwe mtu niliye leo, kwa uzuri na kwa ubaya, nitasema ni lile. Kwenye basi la kwenda msibani nililipitia lote tena, hatua kwa hatua, kama mtu anayetafuta mahali linapovuja, ingawa mahali penyewe nilikuwa napajua siku zote.

Fundi wangu, aliyenifundisha kazi, aliitwa Salvatori. Alivushwa kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, na ufundi aliupata kambini, akilaza mabomba ya vituo vya maji pamoja na Wakongo. Ndiyo maana kwake bomba lilikuwa "tiyo" na maji yalikuwa "mayi" mpaka anakufa, hata baada ya kuwa raia na kuwa na shamba lake la muhogo. Watu walimtania kwa hilo, naye aliwaacha wacheke. Hakuwahi kuchora ramani. Alisema katika maisha yake karatasi zimempotea mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa siku alipozihitaji kuliko siku nyingine. Badala ya ramani alikuwa na utaratibu wake: kabla ya kufukia mtaro, aliwaita mwenye nyumba, wapangaji na majirani, akawatembeza kando ya mtaro ukiwa wazi, kutoka koki ya barabarani mpaka mwisho, akiwaonyesha kila kona. "Tazameni tiyo yenyewe," alikuwa akisema. "Msinitazame mimi, mimi nitakufa." Watu wakishaliona bomba kwa macho yao, walirudi makwao. Hapakuwa na soda wala pombe wala hotuba. Aliyetaka kushukuru aliambiwa ashukuru kesho yake.

Gesti ya Mzee Shabani ilikuwa na vyumba vinane vilivyotazamana, vinne huku na vinne kule, na ukumbi mwembamba katikati uliokuwa na giza hata saa sita mchana. Bomba la chuma liliingia kutoka barabarani, likapita chini ya sakafu ya ukumbi ule, likatokea nyuma kwenye tangi. Bomba lilikuwako kwanza, nyumba ikaja kujengwa juu yake. Sasa lilikuwa limeoza. Asubuhi saruji ya ukumbi ilikuwa na unyevu, na katika chumba namba tano sakafu ilikuwa inadidimia upande mmoja, kiasi kwamba mgeni alilala kichwa kikiwa chini kuliko miguu. Mzee Shabani, mfanyabiashara wa vitenge ambaye babu zake walitoka pwani, mtu mpole asiyependa vurugu, alikuwa ameweka tofali chini ya mguu wa kitanda. Sakafu ilipozidi kuzama aliongeza tofali la pili. Alituita alipofika la tatu.

Salvatori alikaa juu ya kitanda kile, akakitikisa, akachungulia matofali, akatoka. "Tiyo iliyolaliwa na nyumba haitengenezwi, Mzee," alisema. "Inahamishwa." Tukazunguka nje kutafuta njia. Upande wa kushoto palikuwa na ukuta wa duka la jirani, hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha koleo. Upande wa kulia palikuwa na shimo la choo la gesti yenyewe, na bomba la maji ya kunywa halipitishwi kando ya shimo la choo. Njia iliyobaki ilikuwa moja: kulizunguka shimo lile kwa mbali, kuingia kiwanja cha jirani, kupita nyuma ya jiko lake, kati ya jiko na nyumba anayolala, na kurudi kwenye gesti upande wa tangi. Jirani huyo alikuwa mjane, Mama Jenerosa.

Nililisikia ombi lenyewe kwa sababu nilikuwa nimekaa jikoni kwake nikila. Mzee Shabani alivua kofia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. "Mama Jenerosa, nakuja na shida," alisema. Mama Jenerosa aliendelea kusonga ugali. "Karibu, Mzee. Mtanivunjia jiko?" Maana habari zilikuwa zimeshamfikia. Salvatori ndiye aliyejibu, kwa "hapana" ya kwao Burundi: "Oya, mama. Jiko hatuligusi. Tunapita nyuma yake." Mzee Shabani akaongeza kwamba atamwekea koki moja mlangoni pa jiko, maji ya bure, asiende tena kisimani. Mama Jenerosa akageuza ugali kwenye sinia, akaupigapiga kwa mwiko, akasema, "Basi piteni. Lakini jiko ni mguu wa mwanangu wa kwendea chuo. Mkilitikisa mtanijua." Wote tukacheka, na alikuwa hatanii.

Jiko lile ninaliona mpaka leo vizuri kuliko chumba chochote nilichowahi kulala. Lilikuwa la matofali mabichi, bati lake limekuwa jeusi kwa moshi, lina mafiga matatu na benchi mbili ndefu. Lilinuka mawese na moshi wa kuni mbichi. Mama Jenerosa alipikia wageni wa gesti na watu wa sokoni: ugali wa muhogo, maharage yaliyoungwa kwa mawese, kisamvu, na dagaa basi la Kigoma likiwaleta. Kwa jiko hilo alikuwa amemsomesha Jenerosa mpaka akamaliza sekondari, na kwa jiko hilo alikusudia kumpeleka chuo cha ualimu palepale Kasulu mwaka uliofuata. Jenerosa alikuwa rika langu. Mimi nilipanga kwao, tukalala kitanda kimoja, na jioni alinisomea vitabu vyake kwa sauti ya mwalimu, akiniuliza maswali na kunisahihisha hata nilipokuwa nimepatia. Mchana nilikaa kwenye benchi la jiko nikisikiliza wanaume wakinijadili kama vile mimi ni kiziwi. "Yule ni mke wa fundi?" "Hapana, ni fundi." "Fundi wa nini?" "Wa maji." Yule wa kwanza akamega tonge, akasema, "Hata hivyo." Sijawahi kujua alimaanisha nini. Mama Jenerosa aliniongezea mimi maharage na yeye hakumwongezea, na hilo nililielewa mara moja.

Tulianza kuchimba mwezi Machi. Tulipofika nusu, Salvatori alishikwa na ngiri, akakunjamana kando ya mtaro, ikabidi apandishwe basi kwenda kwake Kibondo kufanyiwa upasuaji. Akiwa dirishani, jasho likimtoka, alinipa maagizo yake. "Malizia kuchimba. Laza tiyo. Tembeza watu mtaro ukiwa wazi. Fukia. Usiongeze kitu." Nikamwitikia. Niliona fahari kubwa kuachiwa kazi, siwezi kuficha. Nyuma ya jiko nilikutana na mwamba, sururu ikaruka mkononi mwangu, nikaamua kuuzunguka. Bomba jipya lilikuwa la plastiki jeusi, linakuja kwenye rola, linapinda bila ubishi. Jenerosa alinishikia rola tukalilaza pamoja, likachepuka kuelekea nyumba yao hatua mbili hivi, likarudi kwenye njia yake mbele. Ilikuwa kazi nzuri. Maji yalipofunguliwa, koki ya jiko ilitema upepo, ikakohoa, ikatoa maji mekundu, kisha meupe. Mama Jenerosa alijaza ndoo, akaitazama, akaimwaga, akajaza nyingine.

Siku ya kutembeza watu wingu lilikuwa limefunga upande wa milimani tangu asubuhi. Niliogopa mvua ibomoe kingo za mtaro, nikafukia kwanza. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Baada ya kufukia nikasimama nikatazama, nikaona lile kovu la udongo lina tumbo katikati, na tumbo lile likaniudhi. Nilitaka kazi yangu ya kwanza ya peke yangu ionekane imenyooka. Nikafunga uzi kutoka kona hadi kona, nikapanda masale, ile mimea ya majani marefu membamba, moja kila baada ya hatua, kwa mstari ulionyooka kabisa, ili watu wajue wasichimbe hapo. Mwanzoni na mwishoni masale yalikuwa juu ya bomba. Katikati, nyuma ya jiko, bomba lilikuwa hatua mbili pembeni. Nilijiambia haidhuru. Kisha majirani wakaja, na Mama Jenerosa, kwa furaha ya koki yake, akatoa madumu mawili ya pombe ya ndizi, na Mzee Shabani akawaletea soda wale wasiokunywa. Nikawatembeza kando ya masale kutoka mwanzo mpaka mwisho, nikiwa mbele, nikionyesha kwa mkono. Wakatembea, wakatazama, wakanywa, wakanipongeza.

Mtu wa mbali hataona ubaya wowote hapo. Mtu wa kwetu ataona mara moja, nami ni mtu wa kwetu. Mipaka ya mashamba huku huwekwa namna hiyohiyo: majirani wanaitwa, wanatembezwa kwenye mstari, masale yanapandwa mbele yao, wanakunywa, na tangu siku hiyo kila aliyekunywa ni shahidi. Nilikwishashuhudia hivyo Busunzu mara mbili. Lakini akilini mwangu mpaka ulikuwa kitu cha shamba na bomba lilikuwa kitu cha mji, na sikuviweka pamoja hata kidogo. Salvatori aliporudi mwezi Mei, anatembea polepole huku ameshika tumbo, alisimama mbele ya masale yale muda mrefu. "Uliongeza nini?" aliniuliza. Nikasema masale. "Na kinywaji?" Nikasema pombe ya ndizi, na soda. Alicheka mpaka akalazimika kukaa chini kwa maumivu ya kidonda, kisha akaacha kucheka. "Umeweka mpaka, binti yangu. Yang'oe." Lakini Mama Jenerosa alikataza yasing'olewe, alisema yanapendeza, na Mzee Shabani akasema, "Sisi wenyewe wawili tunajua ni ya bomba. Yaache." Yakaachwa. Salvatori alirudi Kibondo, mimi nikabaki nikifanya vibarua vidogovidogo vya mji.

Mzee Shabani alifariki mwezi wa tisa, ghafla, dukani kwake, akiwa anapima kitenge. Hakuwa na mke wala mtoto. Gesti ikachukuliwa na mdogo wake, Bwana Hamisi, aliyekuja kutoka Kigoma. Watu hupenda nisimulie kwamba Bwana Hamisi alikuwa mnyang'anyi, hadithi ingekwenda vizuri zaidi. Hakuwa. Alikuwa mtu wa haki ambaye hakujua kiwanja cha kaka yake kinaishia wapi, na viwanja vile havikuwa vimepimwa, kwa hiyo alifanya ambalo mtu wa haki angefanya: aliwauliza majirani. Majirani nao hawakudanganya. Walisema walichokiona. Walisema mpaka ulipandwa mwaka huuhuu, mbele yao, walitembezwa na wakanywa, na kwamba Mama Jenerosa alipewa maji kwa ajili ya kile kipande. Kwa hesabu hiyo jiko lilikuwa upande wa gesti. Bwana Hamisi alitaka kujenga vyumba vingine viwili pale. Alimwambia Mama Jenerosa kwa upole kwamba anampa mwezi mzima wa kuhamisha vyombo.

Mama Jenerosa akapeleka shauri kwa mwenyekiti wa mtaa, na mwezi Novemba tukakaa baraza palepale uani, mabenchi ya jiko yakitolewa nje ili watu wakalie. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani. Siku hizo nilikuwa nimeahidiwa kazi ya kulaza mabomba ya bweni jipya la shule moja nje ya mji, kazi ya kwanza ambayo ingekuwa kwa jina langu mwenyewe, na msimamizi wa ujenzi ule alikuwa amekuja kusikiliza, amesimama karibu na koki, amekunja mikono. Bwana Hamisi alisema maneno ambayo sikuyasahau: "Tuchimbe chini ya masale. Tukilikuta bomba, basi mstari huu ni wa bomba, na mimi nitamwomba mama msamaha hapa hapa." Wakachimba. Kwa kuwa ugomvi ulikuwa juu ya jiko, walichimba nyuma ya jiko. Walichimba mpaka magotini, chini ya sale moja, kisha chini ya la pili. Hapakuwa na bomba.

"Liko huku," alisema Jenerosa, akisimama karibu na ukuta wa nyumba. "Lilichepuka hapa, kuna mwamba. Mimi ndiye niliyeshika rola." Mwenyekiti alimjibu bila ukali: "Binti, wewe ni wa nyumba hii, na bomba kuwepo hatubishi, maji tunayaona. Tunachouliza ni masale haya ni ya nini, kama bomba liko huko." Akanigeukia mimi. "Fundi, wewe ndiye uliyeyapanda. Uliyapanda ya nini?"

Jibu lilikuwa fupi. Ningesema: ni ya bomba, niliyapanda vibaya kwa sababu nilitaka mstari wangu unyooke, na nilikatazwa na fundi wangu nisiongeze kitu nikaongeza. Nilimtazama msimamizi wa ujenzi. Niliwatazama wanaume wa kwenye benchi, wale wa "hata hivyo", nikasikia tayari kicheko chao: fundi mwanamke anayeweka alama mahali ambapo bomba lake halipo. Nikasema, "Niliambiwa niyapande." Mwenyekiti akauliza, "Na nani?" Nikasema, "Na Mzee Shabani."

Nilikuwa nikikusudia tu lawama iende kwa mtu ambaye haiwezi kumuumiza. Ni baada ya kutamka ndipo nilipoelewa nimesema nini. Kama mwenye gesti mwenyewe ndiye aliyeagiza masale yapandwe, na mjane akatoa pombe, basi hakuna cha kuuliza zaidi. Kelele ndogo ya kuridhika ikapita kwenye mabenchi. Jenerosa alinitazama akingoja niendelee. Uso wake ulikuwa na ile subira ya mwalimu anayejua mwanafunzi amekosea kidogo tu na atajisahihisha. Mama Jenerosa hakunitazama hivyo. Alinitazama mara moja, akajua, akakunja kanga yake begani. "Basi," alisema. "Imetosha. Nitahamisha vyombo." Mwenyekiti akamuuliza kama ameridhika, akasema, "Ego," yaani ndiyo.

Mchana ule alipika kama kawaida, kwa sababu watu wa sokoni walikuwa na njaa. Alinipa sahani yangu, dagaa na kisamvu, akasema, "Kula, mwanangu." Nikala. Hilo ndilo ninaloliona zito kuliko uongo wenyewe, kwamba nilikula nikamaliza. Jenerosa hakulala kitandani usiku ule wala ulizofuata, na baada ya siku tatu nilifunga mzigo wangu nikaenda kwenye kazi ya bweni. Jiko lilibomolewa kabla ya Krismasi. Mama Jenerosa akawa anapika uani chini ya turubai, mvua ikinyesha wateja wanakimbia, kisha akahamia kibanda cha sokoni ambako wapishi walikuwa wengi kuliko walaji. Nafasi ya chuo ilipofika Jenerosa hakuwa na cha kwendea. Akaanza kuuza maharage gulioni, akaolewa, akafiwa na mume, akarudi kwa mama yake. Haya niliyasikia kidogokidogo, kutoka kwa abiria na wateja. Salvatori alipopata habari alipanda basi mpaka Kasulu kwenda kusema anachojua. Mwenyekiti akamwambia shauri limekwisha na mama mwenyewe aliridhika. Alipofika kwangu hakuingia ndani. "Rudi ukaseme wewe," aliniambia. Nikamwahidi kwenda nikimaliza bweni. Nilipomaliza bweni nikapata kazi ya zahanati, na baada ya zahanati nyingine. Hakunifukuza kamwe. Aliacha tu kuniita.

Bweni lile lilinipa jina. Kwa miaka yote hii nimekula kwa jina hilo, nimejenga na kufungua duka la mabomba Kibondo kwa jina hilo, na nimefundisha wasichana wanne kazi hii, kila mmoja nikimwambia asifukie kabla watu hawajaliona bomba. Hawajui kwa nini nakuwa mkali hapo. Nimekuwa nikijifariji kwamba nilikuwa mdogo, na ni kweli nilikuwa mdogo, lakini Jenerosa naye alikuwa mdogo vilevile. Mtu akisema ujana humsamehe kila mtu, mimi huuliza kimoyomoyo nani aliyelipa.

Tulimzika Mama Jenerosa siku ya pili, mchana, kwaya ikiimba kwa Kiha. Watu walipokwisha kurudi na kukaa kwenye mikeka, nilimkuta Jenerosa nyuma ya nyumba akisugua masufuria kwa majivu. Nywele zake zimekuwa nyeupe kuliko zangu. Nikachuchumaa, nikachukua sufuria moja nikasugua. Kisha nikasema, "Siku ile ya baraza nilisema uongo."

"Najua," alisema.

"Na mama?"

"Mama alijua kabla hujafunga mdomo." Alimwaga maji machafu, akateka mengine. "Mimi nilitaka kwenda kwa mwenyekiti jioni ileile. Akanishika mkono. Akasema jiko hujengwa jingine, lakini yule mtoto wakijua amedanganya mbele ya baraza, hakuna atakayemwita tena kazini, na hapa hana mtu. Akanikataza nisiseme kwa yeyote, na sikusema. Namba yako aliinakili mwenyewe kwenye kibao cha duka lako, siku alipopita Kibondo kwa basi. Alisema siku akifa uitwe."

Nilimuuliza kwa nini hakuingia dukani. Akasema basi lilikuwa haliwezi kumngoja. Kwa mara ya kwanza siku ile machozi yakanitoka. "Kwa hiyo alinisamehe," nilisema.

"Alikusamehe siku ileile, wakati unakula." Jenerosa aliliinamisha sufuria lake, akaliegemeza ukutani likauke, akajifuta mikono. "Huyo ni mama. Aliyetakiwa kwenda chuo ni mimi, na mimi hujaniomba."

Alikuwa anasema kweli. Katika miaka yote ile, kila nilipojiwazia nikirudi Kasulu kuomba radhi, aliyekuwa amesimama mbele yangu alikuwa Mama Jenerosa, mwenye mwiko mkononi na sura ya kusamehe. Nikamwomba Jenerosa palepale, nimechuchumaa, mikono imejaa majivu. Nilimwambia nilimwona akinisubiri siku ile, nikamwacha asubiri. Nilimwambia kwamba kwa yale niliyoyapata nilipaswa kurudi mara mia, na sikurudi kwa sababu nilikuwa nafaidi. Sikutafuta maneno mazuri zaidi ya hayo.

"Nimekusikia, Skola," alisema. Tulisikia mtu akiita kutoka mbele kwamba chakula kimeiva, wageni wanangoja. Akainuka, akajifunga vizuri kanga yake, akaenda kugawa. Niliponawa na kwenda kukaa mkekani pamoja na wengine, alipita na sinia, akampa yule wa kulia kwangu, akanipa mimi kiasi kilekile, akampa yule wa kushoto, akaendelea.